Shule shikizi yetu msiifunge, tuleteeni mwalimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ofisa mmoja aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji chetu, hapa wilayani Tunduru, akasema shule shikizi ya kitongoji chetu, yaani tawi dogo lililo chini ya shule kubwa tunayoiita shule mama, ina watoto wachache mno, heri wahamie huko shule mama.

Shule mama iko kilomita saba, njia yote ni pori. Habari za tembo wa Tunduru waulizwe wanaolala juu ya dungu kulinda mpunga. Masika yakianza, mzazi gani atamtoa mtoto wa miaka sita alfajiri apite humo? Ndiyo maana zamani tulikaa nao nyumbani mpaka wafike miaka tisa, hata kumi. Binti yangu mkubwa alianza la kwanza akiwa mrefu kuliko dawati, akaona aibu, akaacha. Mdogo wake ameanzia awali hapa hapa kitongojini. Sasa yuko la tatu, na malipo ya korosho yakitoka ndiye anayenisomea makato kwenye karatasi ya chama cha msingi cha ushirika. (Karani hafurahi sana.)

Darasa la kwanza tulilijenga wenyewe, wanawake tukichota maji ya kufyatulia tofali. Kisha serikali, kwa fedha za UVIKO-19, ikajenga nchini madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yakawa ya shule shikizi. Tukajua tumeeleweka. Leo tunaambiwa tu wachache!

Anayefundisha ni kijana wa kidato cha nne, anajitolea. Kila kaya humpa debe la mahindi, na kitu kidogo msimu wa korosho. Watoto wa awali huingia na Kiyao tu. Yeye huanza nao kwa Kiyao, akawavusha taratibu kwenye Kiswahili.

Ruzuku ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Watoto wetu 58 wanaleta 348,000, tena kupitia akaunti ya shule mama. Mkihesabu vichwa, shule ndogo haitatoka kamwe. Iwekwe ruzuku ya kuanzia kwa kila kituo, kiwe na watoto 50 au 500, kisha ndipo vichwa vihesabiwe.

Na huyo mwalimu mwenye ajira, aje mmoja tu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nyumba yake tumeshaipaua, imebaki milango.

Mama mkulima wa korosho,
Tunduru, Ruvuma