Harambee ya mtego wa sanduku, tuchangieni leza na projekta chakavu

Wadau habari zenu, tumekuja tena na bakuli la kuomba, ila safari hii bakuli lenyewe ndo tatizo, subirini mtaelewa.

Sisi ni ile klabu ya fizikia ya chuo, wale wa kupooza atomi za rubidi (aina ya metali) mpaka karibu na sifuri kabisa, yaani baridi ya mwisho isiyozidiwa. Mtego wetu ni wa sumaku na una umbo la bakuli, yaani atomi ikikimbilia pembeni inavutwa kurudi katikati. Mwaka 1995 kule Boulder, Colorado, Eric Cornell na Carl Wieman nao walitumia bakuli la sumaku, wakapata kondenseti ya kwanza (yaani atomi zilizopoa mpaka zikaingia hali moja ya nishati ya chini kabisa, zikawa kama kitu kimoja) kwa atomi elfu mbili hivi, joto nanokelvini 170 hivi, yaani kijisehemu kidogo mno cha digrii juu ya ile sifuri. Ila Einstein alivyoitabiri 1925, akianzia kwenye kazi ya Bose, mwanafizikia wa India, hesabu yake ilikuwa ya gesi iliyojaa sandukuni sawasawa, sio bakuli!

Na umbo sio pambo jamani. Kwenye bakuli ukishusha joto wingu zima linasinyaa kuelekea katikati, atomi zinabanana zenyewe, kondenseti inakua chapchap. Kwenye sanduku nafasi haipungui, zinabaki zimesambaa mpaka kwenye kona. Ukifika nusu ya lile joto ambalo kondenseti inaanzia, bakuli linakupa kama asilimia 87 ya atomi zote, sanduku kama 65 tu (hapo ni hesabu ya atomi zisizosukumana, msije mkatukaba). Halafu ubane mtego uwe bapa kabisa, hesabu hiyohiyo inasema bakuli bapa bado litatoa kondenseti ila sanduku bapa likiwa kubwa halitoi, shusha joto unavyoweza usipofika sifuri yenyewe hupati kitu, mimi hii nilibisha darasani mpaka nikapewa chaki nikapige mwenyewe, nikarudi kukaa kimya.

Shida ya bakuli ni kwamba katikati gesi ni nzito na pembeni ni nyepesi, kwa hiyo picha moja tu ina sehemu iliyoshavuka kuwa kondenseti na sehemu ambayo bado, unabaki unapima mchanganyiko. Cambridge walishapata kondenseti ndani ya sanduku la mwanga 2013 na sisi tunataka la kwetu, hata likiwa la kuungaunga.

Kubwa tunaloomba ni leza ya kijani, nanomita 532. Mwanga huo unaisukuma rubidi, kwa hiyo ukichora nao kuta, gesi inabaki ndani. Za kuchorea tunahitaji projekta za DLP, zile zenye chipu ya vioo vidogo vidogo, na ikiwa taa imeungua wala usijali lete tu, sisi tunafuata vioo. Iliyoingia maji hapana, tulishapewa moja. Koili za kuzuia graviti tutazungusha wenyewe maana waya upo, bila hizo atomi zote zinalala chini na sanduku linakuwa jina tu.

Hela apewe mweka hazina, mkononi kwake na sio kwa mtu mwingine, risiti unapewa hapohapo. Wa ahadi pia tunawaandika, ila safari hii tutawakumbusha kweli, mwaka jana daftari lilijaa majina, boksi likabaki jepesi.