Barua ya wazi kwa vijana wa maigizo wa parokia yetu, Bagamoyo

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Tangu tumzike Mwalimu wetu wa maigizo nasikia mengi. Nasikia mnavutana nani awe Yesu Ijumaa Kuu, na wapo wanaotaka kikundi kipewe jina la marehemu na fulana zichapwe picha yake. Fulana sizikatai. Lakini mimi mama yenu nilishona mavazi ya maigizo yake tangu wengi wenu hamjazaliwa, na nawaambia kwa mapenzi: mkitaka kumuenzi, anzeni na watu wa nyuma.

Mwalimu hakuwahi kuanza mazoezi na Yesu. Alianza na umati. Alitukumbusha kwamba Jumapili ya Matawi, Mateso yanaposomwa kwa kugawana sauti, umati ni sisi sote tuliomo kanisani, kwa hiyo asiyejua kuwa umati hajui igizo lenyewe. Alipita kwa mmoja mmoja, hata kwa asiye na neno la kusema, akimhoji: asubuhi hii umetokea wapi, nyumbani umeacha nini jikoni, nani kakuambia uje kupiga kelele kwa Pilato? Usipokuwa na jibu ulirudi kukaa.

Na Simoni Mkirene! Msalaba wetu ulikuwa wa mbao za mnazi, mzito kweli. Simoni alifundishwa apige goti kwanza, aingize bega chini ya mti, mkono wa pili umshike Yesu kiwiko, ndipo ainuke. Jambo hilo peke yake liliweza kumaliza jioni nzima. Ndiyo maana Yesu wetu alianguka bila woga, alijua bega lipo.

Wakubwa kati yenu mnalikumbuka igizo lake la wapagazi. Watalii huja misheni kuuona mnara ambamo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, ulilazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Mwalimu yeye aliwatazama waliouleta. Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Moyo wake ukazikwa huko, mwili ukakaushwa, na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba kwa miguu mpaka pwani yetu hii. Kule Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa. Njiani wakaufunga mfano wa mtumba wa nguo, maana vijiji vingine visingekubali maiti ipite. Katika igizo Livingstone hakuwa na neno hata moja. Alikuwa furushi tu, na maneno yote yalikuwa ya wapagazi. Kile kipande cha kumkatalia Cameron Mwalimu alikirudia mpaka kijana wa mwisho kwenye msafara, aliyebeba sufuria, akajua kwa nini na yeye anakataa.

Sasa mnaniambia asiye na kipaji asipewe nafasi. Wanangu, mmelitoa wapi hilo? Chuo cha Sanaa tunacho hapa hapa mjini tangu 1981, leo tunakiita TaSUBa, na vijana wake wakija kuwafundisha kupaza sauti na kutembea jukwaani, wapokeeni kwa mikono miwili. Mwalimu mwenyewe aliwaalika. Ila mlango usifungwe kwa mama muuza samaki asiyejua kusoma. Mwalimu alimsomea maneno yake kwa sauti baada ya soko, jioni baada ya jioni, hadi yakamkaa.

Na hiyo zamu ya Yesu, izunguke. Aliyekuwa Yesu mwaka huu, mwakani awe kwenye umati. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyenuna.

Jambo jingine, na hili naomba lisidharauliwe: kanzu. Nyingi tulizovalia mitume ziliazimwa kwa majirani zetu Waislamu, na Mwalimu hakurudisha hata moja kabla haijafuliwa na kupigwa pasi. Kwaresima ilipoangukia Ramadhani alisogeza mazoezi yetu yasigongane na saa ya kufuturu, ili mtu asibishiwe hodi na mwenye shida ya kanzu wakati yuko kwenye futari yake. Nasikia safari iliyopita zipo zilizorudi na madoa ya ile rangi nyekundu ya damu. Nendeni mkaombe radhi, tena waende wakubwa, msiwatume watoto.

Kuhusu kiongozi mpya, mchagueni mbele ya Paroko, kwa amani. Nawaomba tu awe mtu anayekuja mapema na kupanga viti mwenyewe.

Madaftari ya Mwalimu ninayo mimi. Mateso yamo, Noeli imo, wapagazi wamo, yote kwa penseli, na kurasa nyingine zimeanza kufifia. Jumamosi baada ya jumuiya aje mwenye mwandiko unaosomeka, aje na daftari jipya na kalamu ya wino, tuanze kunakili. Tukianza na wapagazi itakuwa vizuri, ndilo lililofifia zaidi.