Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ziara za Wanafunzi kwenye Makumbusho na Matamasha

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mhazini, ndugu walimu na wazazi wanachama,

Nawashukuru mliofika. Tupo 22 kati ya wanachama 64, ndiyo akidi ya katiba yetu, na imetimia baada ya kusubiriana saa moja na nusu. Nitalirudia jambo hili.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Kamati ilikaa vikao 6. Tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani, wanafunzi walionyesha vyombo vya nyumbani vya zamani. Agosti tulikwenda viwanja vya Nanenane, Nzuguni. Vitabu vya hesabu vimekaguliwa. Yote yalikwenda vizuri.

Sasa nije kwenye uamuzi wa Februari wa kusitisha safari ya wanafunzi kwenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Lawama zimekuwa nyingi, na wapo waliosema kwamba mwenyekiti amewanyima watoto treni ya SGR. Hoja niliipeleka mimi kwenye kamati, kamati ikaipitisha kwa kura, na leo naitetea mbele yenu.

Sina ugomvi na Makumbusho ya Taifa. Pale Mtaa wa Shaaban Robert mtoto anapata habari za Zinjanthropus, fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Kila mwanafunzi wa Dodoma anastahili kufika pale. Ila ziara yetu ilikuwa ya kwenda na kurudi. Ukitoa safari, chakula na kupita ufukweni, ndani ya makumbusho zinabaki dakika 50. Watoto 40 wanamfuata mwongozaji mmoja: kumi wa mbele wanasikia, waliobaki wanatazama migongo ya wenzao. Kamati ilipitia insha 38 za safari mbili zilizopita. Karibu zote zinaeleza treni, bahari na chipsi. Zilizotaja kitu kimoja cha makumbusho na kukieleza kilivyo zilikuwa 5. Kwa bei ya 96,000 kwa mtoto, jumla 3,840,000, hayo si mavuno ya kujivunia.

Badala yake tuliwapeleka wanafunzi 72 sehemu tatu za karibu, kwa makundi matatu ya 24. Nimeulizwa sana kwa nini 24. Coaster moja inawatosha pamoja na walezi watatu, na 24 wanagawanyika mara nne kwa sita. Mbele ya mchoro wa mwambani au kabati la kioo, watoto sita wanaona wote. Wakiwa kumi, wanne wanaanza kuchezea kitu kingine.

Ziara ya kwanza ilikuwa makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, hapahapa mjini. Mawe ya makumbusho hayakwaruzwi, kwa hiyo wiki moja kabla kila mtoto alileta jiwe la kwao na kulipima darasani kwa ukucha, msumari na kipande cha chupa. Jasi, kama ile inayochimbwa Itigi, inakwaruzika kwa ukucha. Kwatzi haikwaruziki kwa msumari, na yenyewe inakwaruza chupa. Itale, yaani graniti ya vilima vyetu, mtoto akiivunja na kuitazama juani anaona vitu vitatu: kwatzi inayong'aa kama kioo kichafu, feldispa nyeupe au ya waridi, na ulanga unaobanduka kama magamba ya samaki. Aliyefanya kazi hiyo akifika mbele ya kabati, anatafuta jiwe lake na kuuliza limetoka wapi. Asiyeifanya anapita makabati yote kwa dakika kumi na kuuliza dhahabu iko wapi.

Ya pili ilikuwa Kolo, Kondoa, kilomita zipatazo 180 kutoka hapa Dodoma, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hii ndiyo ninayoomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo iliyopigiwa kelele kuwa ni kuwapeleka watoto kutazama mawe.

Kundi linaondoka saa 11 alfajiri, linaripoti kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo na kupewa mwongozaji. Mwisho ni kupanda kwa miguu, kwa hiyo viatu vya kufunga na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtoto. Mkifika chini ya mwamba, hakuna kusema neno kwa dakika tano. Macho yametoka kwenye jua kali. Mwanzoni yanaona ukuta wenye madoa tu. Baada ya hapo mguu wa twiga unajitokeza, kisha shingo, kisha watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa. Kundi la pili lilichelewa kuondoka kwa kuwasubiri wazazi wawili, likafika mchana wa jua kali likiwa limechoka, na nusu ya watoto walirudi wakisema hawakuona kitu. Sababu ni hiyo, tusiusingizie mwamba.

Swali kwenye karatasi ya ziara, ambayo niliiandaa mwenyewe, lilikuwa moja: tafuta mahali rangi mbili zinapokutana, useme ipi imekaa juu. Michoro myekundu ni ya wawindaji, kwa rangi ya udongo wenye chuma, iliyoshika mwamba. Myeupe imepakwa kwa ncha ya kidole, ni mizito na inabanduka. Mtoto akiona alama nyeupe imepita juu ya mgongo mwekundu wa pofu, yule mnyama wa jamii ya swala, amejua mwenyewe nani alitangulia, bila kusomewa. Ndivyo mtaalamu anavyoanza, na mtoto wa darasa la sita ameweza.

Tuliwakataza mambo mawili. La kwanza, kumwagia mwamba maji ili rangi ikolee kwenye picha: maji yanayeyusha chumvi ya mwamba, na yakikauka chumvi inabaki juu kama ukungu usiofutika. La pili, kugusa chochote kilichoachwa kwenye mwamba wa Mungomi wa Kolo, kwa maana pale watu bado wanafanya matambiko. Mtoto ajue kwamba urithi si wa kabatini tu.

Ya tatu ilikuwa tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, Chamwino. Simu zote zilikaa kikapuni kwa saa ya kwanza. Kila sita walichagua mpigaji mmoja tu. Waliochagua ngoma za muheme waliandika kwa nukta pigo la mama mmoja aliyeibana ngoma mapajani, wakagundua kuwa pigo lake peke yake halina maana mpaka la jirani yake lijaze pengo. Waliochagua ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, waliruhusiwa na mwenye nayo kuisogelea. Waliona tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, na ndilo linaloifanya sauti ivume. Akiliziba kwa kidole, mvumo unakufa. Walimu wa fizikia, hilo ni somo zima la mtetemo.

Wazazi walichangia 40,000 kwa mtoto, jumla 2,880,000. Usafiri 1,800,000, viingilio na waongozaji 410,000, chakula na maji 520,000, karatasi, penseli na mbao za kuandikia 165,000. Jumla 2,895,000. Pungufu ya 15,000 ilitoka kwenye ada za uanachama.

Na ada zenyewe zinasikitisha. Ni 20,000 kwa mwaka. Waliolipa zote ni 23, nusu 9, na 32 hawajatoa hata shilingi. Tumekusanya 550,000 mahali pa 1,280,000. Wengi waliolaumu uamuzi wa Februari wamo katika hao 32, na hawakuhudhuria kikao kilichojadili. Kura hupigwa kikaoni, si kwenye simu usiku wa manane. Nasema haya kwa heshima, lakini nayasema.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuongeza shule, kupata sanduku letu la mawe ya kujipimia, na hali ikiruhusu kurudi Dar es Salaam kwa siku mbili badala ya moja. Tarehe kamati itazitangaza.

Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Naomba kuwasilisha.