Mvua kwenye mabati, groupe (jenereta) nyuma ya ukuta: jinsi ya kutuletea sauti inayoandikika

Wateja wengi wa hapa Bukavu wanaotuletea mikutano igeuzwe maandishi huja na ombi lilelile: sauti isafishwe kwanza, kisha iingizwe kwenye mashine. Sisi tunaomba kinyume. Leteni rekodi jinsi ilivyotoka kwenye simu, na uchafu wake wote.

Programu za sasa za kugeuza sauti kuwa maandishi, kama Whisper ya OpenAI iliyotoka mwaka 2022, zilifundishwa kwa sauti za kila namna, zenye kelele humohumo. Kelele ya kiasi hazibabaiki nayo sana. Kinachoziharibia mara nyingi ni ile programu ya kuondoa kelele: ikifuta mvua, inafuta pia s, f na h, maana herufi hizo zenyewe ni upepo tu. Sikioni kwako rekodi imetulia. Kwa mashine "kushika" na "kufika" zimekuwa neno moja. Tunachokubali bila ubishi ni kichujio cha kukata sauti nzito chini ya hezi 80. Mngurumo wa groupe umejaa huko, maneno karibu hayapo.

Jambo zito ni umbali. Kila umbali kati ya mdomo na mikro ukiongezeka mara mbili, sauti inashuka kwa takriban desibeli 6. Simu iliyokuwa sentimita 20 kutoka mdomoni, ukiiweka katikati ya meza, sentimita 160, umepoteza desibeli 18. Mvua juu ya mabati haikupoteza kitu. Kwa hiyo mikro ndogo ya kubana kwenye shati, kiganja kimoja chini ya kidevu, inashinda mikro ya bei kali iliyoko mwisho wa chumba. Kama hamna mikro, simu ipokezanwe mkononi. Ikibidi ikae mezani, iwekeeni kitambaa kilichokunjwa chini yake, kwani mbao hubeba kila kishindo cha kikombe.

Kanisani, msirekodi mbele ya spika. Chukueni waya kutoka kwenye mikseri. Lakini waya huo una nguvu kuliko mikro. Ukichomekwa kwenye tundu la mikro bila kipunguza nguvu, sauti inapasuka. Kwenye kipimo cha kinasa sauti, kilele cha sauti kibaki kati ya desibeli −12 na −6. Kikigonga sifuri, mawimbi yamekatwa vichwa, na kilichokatwa hakirudi.

Lugha ndiyo inayotutoa jasho. Whisper isipoelekezwa huamua lugha kwa kusikiliza sekunde 30 za kwanza. Na mikutano yetu mnaijua: salamu za itifaki kwa Kifaransa, halafu saa nzima ya Kiswahili. Basi saa hiyo yote inasomwa kama Kifaransa. Sisi tunaiwekea lugha kwa mkono, na tunakata vipande pale msemaji anapogeuza lugha. Bei ni balaa lake peke yake: mtu anaenda vizuri na Kiswahili, akifika kwenye pesa ni Kifaransa, "cent cinquante mille" (150,000). Kila hesabu tunaisikiliza upya kwa masikio. Mashi, lugha ya Wabashi wa hapa, haimo kabisa kati ya lugha za Whisper. Inaandikwa na mtu.

Kimya nacho kina hila. Watu wakinyamaza na groupe ikaendelea kunguruma, mashine inaweza kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema, tena sentensi safi yenye nukta zake. Ndiyo sababu tunakata kwanza sehemu zisizo na msemaji.

Kabla ya kutaja bei tunachukua dakika 3 kutoka katikati ya rekodi, mtu anaziandika, kisha tunalinganisha na maandishi ya mashine. Maneno yaliyokosewa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa yanajumlishwa, halafu yanagawanywa kwa idadi ya maneno ya mtu. Makosa 30 katika maneno 200 ni asilimia 15: hapo kusahihisha kunalipa. Ikipita asilimia 40, tunawaambia wazi kwamba kuandika kwa mkono kutawagharimu pungufu kuliko kusahihisha, na kutakuwa sahihi.

Kama bado hamjarekodi: faili la sauti la aina ya WAV, chaneli moja, hezi 16,000, biti 16. Saa moja ni kama megabaiti 115. Kwa WhatsApp itumeni kama dokumenti. Kupiga rekodi kwenye spika ili simu nyingine iinase, hapana, hata kama ni haraka. Mazungumzo ya simu ya kawaida hubeba hezi 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo s na f zimeshapungua kabla hayajatufikia. Hesabuni siku moja zaidi ya kazi.

Pamoja na faili, tuandikieni majina 30 hivi yatakayotajwa: watu, vyama, mitaa. Bila orodha hiyo, Nyawera na Kadutu hutoka kila mara kwa tahajia mpya.