Barua ya wazi kwa mama wakwe na mawifi wa wajawazito

Mama wakwe wenzangu, na nyinyi mawifi, nawasalimu.

Nawaandikia nyinyi badala ya mjamzito mwenyewe, maana yeye kishaambiwa mengi. Ukitaka kujua kwa nini mkamwana hajaanza kliniki, usianze na yeye. Uliza nauli iko mkononi mwa nani, watoto atamwachia nani, na nani atanuna akichelewa kurudi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kliniki ilipo wanapajua. Wengine hukalishwa nyumbani na hofu ya maneno: mimba ikishatajwa, kisha ikaharibika, lawama ni za nani?

Chukueni vidonge vya kuongeza damu. Huweza kutia kichefuchefu, kufunga choo, na kukifanya choo chenyewe kiwe cheusi. Mkamwana anashtuka, anaviacha. Angeuliza, lakini juzi tu amesikia, "Sisi tulizaa bila hivyo vidonge." Basi anavificha chini ya nguo. Muuguzi akimwuliza kama anavimeza, anamtupia jicho kwanza mama mkwe aliyeketi kando, ndipo anajibu, "Ndiyo." Ukimkaripia hapo, utakuwa umemfundisha kuficha vizuri zaidi. Angeusema ukweli, angeambiwa ajaribu kuvimeza pamoja na chakula, na kwamba ule weusi hauna madhara. Kwa hiyo tukimsindikiza, tubaki nje ya chumba. Najua inauma, hasa kwa sisi tuliozoea kujibu kwa niaba ya watu.

Akijifungua, maneno ndiyo yanazidi. "Maziwa yako mepesi, mtoto hashibi." Maziwa hutengenezwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya, na mama mwenye hofu huchelewa kuyashusha. Ukimtia wasiwasi, atampa mtoto vitu vingine, mtoto atanyonya kidogo, maziwa yatapungua kweli, na wewe utasema, "Si niliwaambia?"

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, na mara nyingi hukoma ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, naye hapati usingizi hata mtoto akilala, hafurahii kitu, anajiona hafai, hiyo huenda ni sonona. Shirika hilohilo linakadiria kwamba duniani karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata matatizo ya akili, hasa sonona. Mwenye hali hiyo huacha kula, huruka miadi yake ya kliniki, wakati mwingine hata ya chanjo ya mtoto. Sisi tunasema anadeka. Akishaitwa mvivu mbele ya mawifi, hatamwambia mtu tena. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu na hata kwa dawa ambazo daktari huwachagulia wanaonyonyesha. Ila akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akianza kusikia sauti wasizosikia wengine, msimwache peke yake. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Waume nao wana barua yao, hii haiwatoshi.

Mkienda kumtazama mzazi, mpokeeni mtoto, mmwambie mama akalale. Habari za mtoto amefanana na nani zinaweza kungoja.