Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chambo na Muda wa Dema Majini

Wazee wetu wa bahari, ndugu wanachama, kina mama karanga mnaotuuzia samaki, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu: assalaam alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na katibu ataeleza habari za leseni. Nimeiomba kamati iniachie nafasi nizungumzie jambo moja ambalo limekuwa mjadala pale bandani mwaka mzima, nalo ni hili: dema, mtego wetu wa kusuka kwa fito, lilale majini kwa muda gani, na litiwe chambo gani?

Kusi ikikaza wengi wetu huacha madema siku tatu, nne, hata zaidi, tukiamini kwamba dema likilala sana litajaa sana. Daftari la mizani halisemi hivyo. Dema la usiku mmoja lenye chambo kibichi limekuwa likikaribiana na lile la siku nne, na mara nyingine kulishinda. Sababu yake si fumbo. Mlango wa dema hauna kifuniko, na samaki aliyejua kuingia, akizungukazunguka, hujua kutoka. Utafiti wa madema ya Jamaika uliochapishwa mwaka 1974 ulieleza jambo hili vizuri: samaki huongezeka haraka mwanzoni, kisha hufika mahali ambapo wanaotoka ni sawa na wanaoingia. Kuanzia hapo, kila siku ya ziada ni ya bure.

Kwetu naona ni mbaya kuliko bure. Pweza na mkunga huingia wakala waliomo, na chewa akishaingia, msitegemee kukuta wengi wa tafi, samaki tunayemlenga. Waliosalia hujisugua kwenye fito, magamba yakatoka na ngozi ikachubuka. Kina mama karanga mliopo hapa mnaijua bei ya tafi wa namna hiyo.

Kuna wazee watakaonipinga kwamba tafi aliye hai ndani huwaita wenzake. Ni kweli, na wanasayansi wamelithibitisha. Ndiyo maana kamati haisemi kila dema litegwe leo na kuteguliwa kesho bila kujali hali ya maji. Siku ya pili ina faida yake, hasa maji yakiwa mafu na mkondo ukiwa mdogo. Hoja yetu ni siku ya tatu na kuendelea, wakati chambo kimekwisha.

Na chambo ndicho chenyewe. Tafi hula mwani na majani ya bahari, tena hula mchana. Dema likizamishwa alasiri na chambo kinachoyeyuka upesi, usiku wote kinaliwa na kaa na konokono, na asubuhi tafi anakuta dema tupu. Waliotega mapema, wakaufunga mwani vizuri kwa kamba ndani ya dema badala ya kuurusha tu, ndio walioleta samaki bila kukosa mwaka huu. Nawapongeza.

Jambo linaloniumiza ni chambo cha kuokota mwambani. Maji yakipwa tunaingia kwa miguu kutafuta wanyama wa miba na jamii ya kiti cha pweza (nyota wa bahari), tunapindua mawe na kuyaacha yamepinduka, tunakanyaga matumbawe. Hizo ndizo nyumba za samaki tunaowatafuta. Wakulima wa mwani wa Kwale wana vipande vinavyokatika na kuelea kila maji makubwa ya bamvua, tena wanalalamika kwamba tafi wanakula mashamba yao. Vipande hivyo ni chambo, na kando ya mashamba hayo ndipo tafi walipo. Tumeanza mazungumzo na kina mama hao, nao wamekubali kimsingi.

Wenzetu wa British Columbia, Kanada, wanaotega kambamiti, wana sheria inayowaruhusu kuinua kila mtego mara moja tu kwa siku, ili kambamiti wadogo wasisumbuliwe hovyo. Shida yao ni kuinua kupita kiasi, yetu ni kusahau.

Kuhusu mianya ya kutokea wadogo, utafiti uliofanyika hapa kwetu Kenya na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba dema lenye mwanya mwembamba huacha samaki wadogo watoke, na mapato ya mvuvi yakapanda. Fundi wetu wa kusuka yuko tayari kufundisha. Dema linalopotea nalo huendelea kuua bila mwenyewe, hasa la waya, kwa hiyo fito zinazooza zina faida.

Kamati inapendekeza dema lisilale zaidi ya usiku mbili, na tahadhari ya upepo mkali ikitoka, madema yatolewe majini kabla, siyo baada. Chambo cha kupindua mawe kisitishwe mara tu makubaliano ya mwani yatakapotiwa saini. Kura itapigwa baada ya swala ya adhuhuri, na wanaovua kwa mshipi nao wapige, kwani mwamba ni mmoja.