Jino limeacha kuuma lenyewe, sasa dokta nije kufanya nini?

Hii meseji inaingia kwenye simu ya kliniki karibu kila wiki, yanabadilika maneno tu. Mtu katupigia Ijumaa saa sita usiku anaugulia mpaka huruma, tukampangia aje kesho yake asubuhi, hakutokea, Jumatatu ukimuuliza anajibu "dokta namshukuru Mungu limetulia, likirudi nitakuja". Wengine wote nyumbani wanafurahi, mimi huku ndo nashtuka.

Ngoja niwaeleze kwa nini, maana hapa ndo hela nyingi zinapotea.

Gamba la juu la jino ni gumu kuliko mfupa wowote mwilini na halina hisia kabisa, kwa hiyo likianza kutoboka husikii kitu, hata miezi, hata mwaka. Chini yake kuna tabaka laini kidogo lenye rangi ya njano, tundu likifika hapo ndo unaanza kusikia ukinywa maji ya baridi au ukila ubuyu jino linashtuka halafu linaacha. Katikati kabisa kuna kachumba kadogo ka mishipa ya damu na neva, ndo huo mnaouita mshipa wa jino. Uozo ukifika pale mshipa unavimba, sasa nyama ya kawaida ikivimba inatanuka, lakini huu umefungiwa ndani ya kuta ngumu hauna pa kutanukia, ndo maana unadunda, na ndo maana usiku ukilala ni balaa zaidi, damu inakuja kwa wingi kichwani na presha ndani ya jino inapanda. Sio kwamba jino linakuonea saa za usiku.

Halafu siku moja kimya. Limepona? Hapana, mshipa umekufa. Kilichokufa hakiumi. Kinaoza taratibu, usaha unashuka mpaka kwenye ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa, na baada ya wiki au miezi unaamka shavu limejaa upande mmoja au unaona kipele kwenye fizi kinachotoa maji machungu. Mtu huyo huyo angekuja wakati wa maji ya baridi tungeziba tu, nusu saa anarudi kazini, sasa hivi tunaongelea kutibu mzizi au kung'oa, na bei haziko karibu hata kidogo.

Swali linalofuata najua, "si nimekunywa dawa?" Ndio, amoksilini na flajili za duka la dawa, tena mara nyingi nusu dozi. Uvimbe utashuka kweli sikatai, ila dawa inasafiri kwa damu na jino lililokufa ndani halina damu, kwa hiyo kiwanda chenyewe cha usaha dawa haikifikii. Ukimaliza vidonge kiwanda kinaendelea na kazi. Tunazitumia, hasa kukiwa na uvimbe na homa, lakini pamoja na matibabu, sio badala yake. Na kitu ambacho watu hawaambiwi, ukija umevimba usaha umejaa hata ganzi inagoma, eneo lenye usaha lina asidi na ganzi haifanyi kazi vizuri kwenye asidi, wengi wanaosema "mimi ganzi hainikamati" walikuja siku mbaya.

Kuhusu mdudu wa jino. Hayupo. Wapo bakteria, wadogo huwezi kuwaona kwa macho, wanakula sukari unayoacha mdomoni na wanatoa asidi, hiyo asidi ndo inachimba. Yule unayeonyeshwa kwenye karatasi baada ya kufukizwa hakutoka kwenye jino lako. Karafuu sasa, hapo bibi zetu walikuwa sahihi, mafuta ya karafuu yanatuliza kweli na ile dawa ya muda tunayoweka kwenye tundu yenye harufu ya pilau ni hayo hayo mafuta yamechanganywa na poda ya zinki. Ila ni kutuliza, sio kutibu. Asprini ya kusaga ukaipachika kwenye fizi ndo usithubutu, inaunguza nyama mpaka inakuwa nyeupe, nimewaona wamekuja na matatizo mawili badala ya moja, na maji ya betri sitaki hata kuyaongelea.

"Kutibu mzizi ni bei gani?" halafu picha ya WhatsApp yenye giza. Bosi wangu, siwezi kujua kwa picha. Jino la mbele mara nyingi lina mfereji mmoja ndani ya mzizi, gego lina mitatu na wakati mwingine minne, kila mfereji lazima tuuingie, tutoe kilichooza, tusafishe na kujaza, ndo maana tunataka eksirei kwanza. Inaweza kuwa siku moja au mara mbili tatu. Na gego likishatibiwa mzizi linahitaji kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino, hapa watu wanadhani tunawapiga, lakini jino lililochimbwa hivyo limebaki na kuta nyembamba, siku unatafuna mfupa wa nyama choma linapasuka katikati na hapo hakuna cha kuokoa. Kama bajeti ya kofia haipo kabisa sema mapema, tuongee. Kuna wakati mimi mwenyewe nashauri kung'oa, mfano gego la mwisho kabisa lililokaa kimshazari halitafuni chochote, kulihangaikia kwa nini. Gego la kati ni kesi nyingine, ukiacha pengo, jino la pembeni linalala na la juu linaanza kushuka kufuata nafasi.

Na hapana, kung'oa jino la juu hakupofushi. Neva ya jicho na ya jino ni tofauti.

Ukishang'oa ng'ata pamba tuliyokupa nusu saa mpaka dakika arobaini na tano bila kuichungulia, na siku hiyo yote usisukutue, usiteme teme, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Lile donge la damu kwenye shimo ndo bandeji yako, likichomoka mfupa unabaki wazi na siku ya tatu utasikia maumivu mabaya kuliko ya jino lenyewe. Maji ya chumvi ya uvuguvugu anza kesho yake.

Kusafisha meno. "Dokta nilisafishwa meno yakaanza kulegea." Hayakulegezwa, yalikuwa yamelegea tayari, ugaga, ule uchafu ulioganda ukawa mgumu kwenye meno, ndo ulikuwa umeyashika kama saruji, na huo ugaga chini ya fizi ndo ulikuwa unakula mfupa. Fizi zikitoa damu ukipiga mswaki usiache kupiga pale, ndo pazidishe taratibu kwa mswaki laini. Kama una sukari ndo uwe makini zaidi, fizi mbaya na kisukari vinachocheana. Mama mjamzito naye fizi zinavimba na kutoa damu kirahisi sababu ya homoni, na ndio, unaweza kutibiwa meno na mimba, miezi ya katikati ndo mizuri, tuambie tu.

Meno ya kahawia. Hapa Dar tuna wakazi wengi waliokulia Arusha, Moshi na Manyara, wanakuja kwa aibu wakidhani ni uchafu. Sio uchafu. Ni madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji ya kule, yaliingia wakati meno yanajitengeneza ndani ya fizi utotoni, na magadi ya kupikia yanaongezea. Hakuna mswaki utakaoyatoa. Tunaweza kukwangua juu juu au kufunika kulingana na hali, lakini tafadhali acha zile video za limao na mkaa, limao linayeyusha gamba na mkaa unakwangua lililobaki, gamba la jino haliotagi tena.

Sasa watoto, na hapa naomba wazazi mnisikilize vizuri. Mtoto akifika miaka sita hivi kuna gego linaota nyuma kabisa ya meno ya maziwa, halisubiri jino lolote ling'oke, linajitokeza kimya kimya. Wazazi wengi wanadhani ni la utoto, likitoboka wanasema acha litang'oka. Mama, hilo ndo la kudumu, halina mrithi! Naona watoto wa miaka tisa wamelimaliza. Fungua mdomo wa mtoto wako leo uhesabu, ya maziwa ni kumi kila taya, likionekana la sita upande mmoja ndo hilo. Na mpaka kama miaka saba mpige mswaki wewe, mikono yake bado, dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya njegere, chini ya miaka mitatu punje ya mchele inatosha. Ateme asisukutue na maji mengi, na hata wewe mtu mzima hivyo hivyo, ukisukutua unamwaga floridi ya kwenye dawa ya meno uliyoinunua.

Meno ya plastiki ni jambo linaloniuma. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, jirani anasema mpeleke akatolewe meno ya plastiki, anachimbwa fizi kwa kifaa ambacho hakijachemshwa. Kinachotolewa pale ni kichipukizi cha chonge. Hakina uhusiano wowote na kuharisha, mtoto anaweza kutoka damu mpaka kufa au kupata maambukizi, na aliyepona tunakutana naye miaka kumi baadaye chonge zimeota vibaya. Mtoto anaharisha mpe ORS na mkimbize kituo cha afya.

Ukivimba chini ya taya, kumeza shida, mdomo haufunguki, usisubiri tufungue asubuhi, nenda hospitali kubwa usiku huo huo, Muhimbili ikibidi, uvimbe wa hivyo unaweza kuziba njia ya hewa. Na ukianguka bodaboda jino likatoka zima, lishike kwa juu usishike mzizi, usilisugue, liweke kwenye maziwa uje ndani ya saa moja, tunaweza kulirudisha.

Kwa wanaokuja wiki hii, kula kwanza, wengi wanaozimia kwenye kiti wamekuja na njaa wakiogopa. Njoo na dawa zako za presha au sukari tuzione. Na ukimleta mtoto usimwambie njiani "ukisumbua dokta atakuchoma sindano", maana ukifika hapo mlangoni nusu saa nzima inaisha tunambembeleza ashuke kwenye bajaji.